Baridi ya Kibo na Nguo za Mpagazi



Kila mwaka tarehe 9 Desemba inapokaribia, kama ilivyo desturi, makundi ya Watanzania hujiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru. Ni jambo jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima huo, na kilele kilichokuwa na jina la Kaisari wa Ujerumani tukakiita Uhuru. Mtanzania anayefika pale juu anafika kwao.

Lakini kuna jambo moja linalonisumbua kila msimu wa kupanda unapokaribia, na leo nitalisema wazi. Nguo za joto za mpagazi ni kifaa cha kazi. Zihesabiwe kama kofia ngumu ya mchimba madini na mabuti ya zimamoto. Kampuni isiyohakikisha kwamba mpagazi wake amevaa na ana pa kulala pakavu haijakamilisha maandalizi ya safari, hata kama mgeni wake amelipishwa fedha nyingi na kuvalishwa vizuri kuanzia kichwani hadi miguuni. Hiyo ndiyo hoja yangu. Naomba unisikilize nikueleze ninavyofikiri, maana kwanza inabidi tuielewe baridi yenyewe.

Sisi tuliokulia nchi za joto huwa tunaichukulia baridi kuwa usumbufu mdogo. Kipupwe kikifika, Juni na Julai, mtu wa Moshi anatoa sweta kabatini, anakunywa chai ya tangawizi, mambo yanaisha. Kilimanjaro kipo nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo watu wengi hawaamini kwamba pale juu pana baridi ya kuua. Fanya hesabu ndogo. Kwa wastani, kila unapopanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Hapo katikati kuna kupanda kwa takriban mita 5,000, yaani nyuzi 30 za joto zinapotea njiani. Siku ambayo Moshi watu wanajipepea kwa nyuzi 25, kileleni maji yanaganda. Na hapo bado hatujataja usiku, wala upepo.

Halafu kuna tabia nyingine ya milima ya kwetu. Ulaya majira ya baridi huja mara moja kwa mwaka, yakakaa miezi kadhaa, kisha yakaondoka. Juu ya Kibo huja kila siku jua linapozama. Mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Olov Hedberg, aliyeitafiti milima mirefu ya Afrika Mashariki, alilieleza jambo hili vizuri: huku juu ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Saa nane mchana mtu anavua koti, ngozi ya pua inaungua. Saa mbili usiku maji ya kwenye beseni yamefanya utando wa barafu.

Mimea iliyoishi mlimani kwa karne nyingi imejifunza kujikinga. Ukifika bonde la Barranco, karibu mita 3,900, utaona senesio wakubwa, wale wenye shina refu kama nguzo na vichwa vya majani mapana. Majani yao yakifa hayaanguki chini. Yanabaki yamelizunguka shina tabaka juu ya tabaka, yakilikinga lisigande usiku. Jua likizama, majani mabichi ya juu hujikunja kuelekea katikati na kukifunika kichipukizi. Jirani yake kuna lobelia, ambaye hukusanya maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu tu, yale ya chini hubaki bila kuganda, na kichipukizi kinapona. Nimeupitisha mkono katikati ya majani makavu ya senesio asubuhi mapema, wakati nje mawe yamefunikwa na umande ulioganda, na mle ndani palikuwa pakavu na pametulia bila upepo. Mmea ule hauistahimili baridi kwa sababu ni mgumu. Unaistahimili kwa sababu umevaa.

Sasa turudi kwa watu. Historia ya binadamu na baridi ya Kibo ina mkasa mmoja ambao ungefaa kusimuliwa katika kila lango la mlima. Wamisionari waliofika Uchagani katikati ya karne ya 19 waliandika habari waliyoikuta kwa wenyeji. Mangi, yaani mtawala, wa Machame, baba yake Mangi Mamkinga, alitaka kujua kile kitu cheupe kinachong'aa juu ya mlima ni nini. Palikuwa na waliodhani ni fedha, madini ya thamani. Akatuma kundi la watu wapande wakalete. Walikwenda wakiwa wamevaa kama walivyovaa nyumbani. Kwa mujibu wa habari hiyo aliyerudi hai ni mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi.

Tafakari hapo, msikilizaji. Aliyetaka kitu cha kileleni alibaki chini penye moto. Walioipata baridi ni waliotumwa.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alikiona kile cheupe kwa macho yake. Alipomwuliza mtu aliyekuwa akimwongoza ni kitu gani, yule mwongozaji alimjibu kwamba ni baridi. Rebmann akaandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, akambishia kwa miaka mingi kwamba haiwezekani. Wabeba mizigo wa Uchagani na wa pwani, waliokuwa wameshaiona na kuisikia habari yake, hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alijaribu kukipanda kilele akakwama kwenye ukuta wa barafu, kwa sababu hakuwa na vifaa vya kuvukia. Hakuona aibu kurudi. Mwaka 1889 alikuja amejipanga, akiwa na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria, na kamba, na shoka la kuchongea ngazi kwenye barafu. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kreta, wakashuka kambini kupumzika, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Hayo yamo katika vitabu vyote. Kisichosemwa sana ni kwamba walipokuwa wakihangaika na barafu juu, kambi yao ya mita 4,300 ilikuwa na mtu. Aliitwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Wengine walikuwa wameachwa chini zaidi. Yeye alibaki nao juu, akitafuta kuni, akichota maji, akipika. Mtoto wa pwani, aliyezoea minazi na joto la Bahari ya Hindi, akilala usiku baada ya usiku mahali ambapo maji yanaganda, ili wenzake wawili wakute chakula cha moto wakishuka.

Namtaja Mwini Amani kwa sababu kazi ile ya mlimani haijabadilika sana. Mpaka leo kuna anayepanda, na kuna anayemwezesha apande. Mgeni mmoja anayetumia njia ya mahema, iwe Machame, Lemosho au Rongai, kwa kawaida huwa na wapagazi watatu au wanne nyuma yake, mbali na mpishi na mwongozaji. Wamebeba mahema, majiko, gesi, viti, mayai, tikiti maji. Kanuni inasema mzigo wa safari kwa mpagazi mmoja usizidi kilo 20, na malangoni kuna mizani. Tunawashukuru waliopigania mizani hiyo, maana kabla ya hapo vijana walikuwa wakibebeshwa mizigo mizito kupita kiasi.

Lakini hebu tuifuate siku moja ya mpagazi wakati wa mvua, tuone baridi inampatia wapi.

Wengi wetu tukifikiria hatari ya baridi tunafikiria kileleni, theluji, upepo wa alfajiri. Kwa mgeni ni kweli. Mpagazi mara nyingi hafiki kileleni kabisa. Yeye hatari yake inaanzia msituni, mahali ambapo hakuna anayeiogopa baridi. Kutoka lango la Machame unaingia moja kwa moja katika msitu wa mvua. Ikinyesha, inanyesha kweli. Kijana amevaa suruali ya jinzi na fulana ya pamba, kwa sababu ndizo alizonazo. Anapanda haraka, kwa kuwa anatakiwa kufika kambini kabla ya mgeni, na kwa ule mwendo mwili unapata joto, haoni taabu. Analowa kwa mvua nje, analowa kwa jasho ndani.

Anafika kambini. Hapo anasimama. Jua linashuka, upepo unaanza, joto la mwendo linamwisha mwilini, na kila alichovaa kimebeba maji. Pamba ikilowa inashikamana na ngozi, haikauki upesi. Maji hulinyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa kavu. Lakini yeye hana ruhusa ya kubadilisha nguo, maana kazi ya kwanza ni kusimamisha hema la mgeni, ya pili ni hema la kulia, ya tatu ni kuchota maji. Akimaliza anafungua mfuko wake akakuta nguo za kubadilisha, kama anazo, zimelowa pia, kwa sababu mfuko wa mgeni ulifunikwa kwa turubai na wake haukufunikwa.

Kesho yake anapanda mita 800 au 1,000 zaidi, kwenye baridi zaidi, na nguo zilezile mbichi. Hivyo ndivyo inavyokwenda, siku baada ya siku.

Na mwili wa mpagazi ni mwili kama wako na wangu. Unafanya kazi vizuri ukiwa na joto la nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu yumo hatarini, na dalili zake inafaa kila apandaye azijue kama anavyojua jina lake. Kwanza anatetemeka sana. Kisha vidole vinakosa nguvu, anashindwa kufunga zipu au kamba ya kiatu. Maneno yanamtoka kwa kukokota. Anajikwaa penye tambarare. Anakaa peke yake, hataki kusemeshwa. Wenzake wanasema kachoka, mwacheni alale. Joto likizidi kushuka, kutetemeka kunakoma, na hapo ndipo wengi wanadanganyika wakidhani amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa nguvu za kujipasha. Wengine hufika mahali pa kuona joto na kuanza kuvua nguo. Mtu wa namna hiyo usimwache hata dakika moja.

Afanyiwe nini? Mtoe kwenye upepo. Mvue kilicholowa chote, mvike kikavu, umfunike kichwa na shingo. Muweke ndani ya mfuko wa kulalia, na chini yake pawe na godoro la sponji au chochote cha kumtenga na ardhi, maana ardhi ya mlimani inamnyonya mtu joto usiku kucha. Akiwa na fahamu zake, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi. Usimsugue mikono na miguu. Na usimpe pombe, hata kama mlimani kuna wanaosema kwamba inapasha mwili. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, mtu akajihisi amepata joto wakati joto lenyewe linamtoka. Kisha ateremshwe mapema. Mlima una machela ya gurudumu moja kwa kazi hiyo, na mwongozaji anayejua kazi yake haoni haya kuiita.

Sasa tupande hadi kambi ya mwisho. Iwe ni Barafu, upande wa kusini, au Kibo Hut, upande wa mashariki, uko karibu mita 4,700. Maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 90, kwa hiyo maharage hayaivi, na chai ukiimimina inapoa kabla hujaimaliza. Mgeni analala mapema jioni, na karibu usiku wa manane anaamshwa. Wanaondoka usiku kwa sababu zenye maana: kokoto za mteremko wa Kibo zinakuwa zimeshikana kwa kuganda, hazimteremshi mtu kila hatua, asubuhi anga mara nyingi huwa safi, na lazima ubaki muda wa kutosha wa kushuka mchana. Mwongozaji mzuri anamkagua mgeni wake kwa tochi ya kichwani: tabaka la ndani lisilo la pamba, sweta la sufu, koti zito, koti la kuzuia upepo, glavu mbili, soksi kavu. Chupa ya maji inawekwa kichwa chini miguu juu, kwa kuwa barafu huanza kuganda upande wa juu, na ikiwa mdomo uko chini bado utakunywa. Betri zinakaa mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi inazimaliza.

Wanapanda pole pole, hatua na pumzi, hatua na pumzi. Kileleni hewa ina takriban nusu ya oksijeni ya usawa wa bahari. Saa moja kabla ya jua kuchomoza ndiyo ngumu kuliko zote. Wakati wa theluji, mawe yote ya njia yanafunikwa, hakuna alama, na kinachobaki ni kumbukumbu ya mwongozaji aliyepita hapo mara nyingi. Jua likitoka, theluji inarudisha mwanga wake usoni, na asiye na miwani myeusi atashuka akilia macho kwa maumivu. Ndipo unafika Gilman's Point au Stella Point, ukingoni mwa kreta, na kutoka hapo unatembea hadi Uhuru, kuta za barafu zikiwa mkono wako wa kushoto.

Nitasema neno moja juu ya barafu hiyo. Wataalamu walioipima wanasema kati ya mwaka 1912 na 2011 Kilimanjaro kilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake, na imeendelea kupungua. Ni msiba wetu sote. Lakini nasikia watu wakisema kwamba kwa vile barafu inakwisha, basi mlima umepata joto, hauna taabu tena. Hapana. Kupungua kwa barafu ni habari ya miaka mingi, ya theluji kushuka kidogo na jua kuila zaidi ya inavyoongezeka. Usiku mmoja wa Kibo bado ni chini ya kiwango cha kuganda, na utaendelea kuwa hivyo maisha yako yote na ya mwanao.

Basi, mgeni akiwa juu anapigana na baridi yake, kule kambini wapagazi wake wamefanya nini usiku ule? Nimekaa kambini Barafu alfajiri, nikawaona vijana wakitoka kwenye hema la kulia ambalo usiku ndilo lililokuwa chumba chao. Mmoja alikuwa amevaa raba za mpira wa miguu, na juu ya soksi amefunga mifuko ya plastiki ili maji ya siku iliyopita yasimfikie vidole. Alikuwa mchangamfu, anachekesha wenzake, anawasha jiko. Nilipomwuliza kama amelala, alisema mlimani hakulaliwi, kunakeshwa. Kisha akamimina chai kwenye chupa kwa ajili ya mgeni aliyekuwa bado anapanda.

Nimewahi kuyasema haya mbele ya watu wa kazi, nikajibiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba wapagazi wamezoea. Nakubali kwamba mwili unaoishi mlimani huzoea hewa nyepesi. Kijana wa Marangu au Kibosho anapumua vizuri mahali ambapo mimi nahema. Lakini hakuna mwili unaozoea kulala umelowa kwenye nyuzi sifuri. Wenyewe huitana wagumu, na ni wagumu kweli. Ugumu wao usigeuzwe kisingizio cha kuwanyima koti. Senesio naye ni mgumu, na bado kila usiku anajifunika.

Jibu la pili ni bei. Kampuni ndogo zinasema ushindani ni mkali, mgeni anataka rahisi, ukiongeza gharama anakwenda kwa jirani. Naielewa hofu hiyo, na najua wapo wenye kampuni ndogo wanaojitahidi kuliko wakubwa. Lakini tuhesabu gharama zote. Koti la mvua, suruali ya mvua, mabuti, sweta la sufu na mfuko wa kulalia havinunuliwi kila safari. Vikitunzwa hudumu misimu. Soko la Memorial pale Moshi limejaa mitumba ya mlimani iliyotoka nchi za baridi, na vijana wengi huvaa kutoka hapo kwa fedha yao wenyewe. Tena kuna shirika la kuwasaidia wapagazi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo pale pale Moshi. Kwa hiyo nguo zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: bila hizi, hupandi.

Mtu huyo anaweza kuwa nani? Naona ni watatu.

Wa kwanza ni lango. Kama tulivyoweza kuupima mzigo kwa mizani, tuyakague na mavazi kwa uzito uleule, kila siku na kila lango, masika, vuli na kipupwe. Mpagazi asimame, aonyeshe koti la mvua, viatu vya kufaa, nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko wa kulalia. Akikosa, isiwe yeye anayerudishwa nyumbani akakosa siku za kazi. Kampuni yake ndiyo isimamishwe hapo langoni mpaka imvalishe.

Wa pili ni mwongozaji. Wewe kaka yangu, au dada yangu, unayewaongoza watu, jioni ukimaliza kumkagua mgeni kama amekunywa maji na kama kichwa kinamuuma, zunguka na hema la wapagazi. Angalia nani ananyamaza, nani anatetemeka. Toa ruhusa vijana wabadilishe nguo kabla ya kusimamisha mahema. Mgeni akisubiri robo saa chini ya mwamba hatadhurika, na ukimweleza sababu atakuheshimu zaidi.

Wa tatu ni wewe unayelipa. Hapa nasema nawe Mtanzania unayejiandaa kwa Desemba, pamoja na ndugu zetu wa Kenya, Uganda na kwingineko wanaopanga kuja. Desemba ni mwezi wa vuli. Chini mvua, juu theluji. Usiende na jinzi na fulana kwa kudhani kwamba mwenyeji haguswi. Baridi haiulizi pasipoti. Azima au kodi nguo, vifaa vya kukodi vipo tele Moshi na malangoni. Chukua siku za kutosha, maana anayekimbilia kileleni kwa kubana siku anaongeza maradhi ya mwinuko juu ya baridi. Kichwa kikiuma sana, ukatapika, ukayumba au ukakohoa ukikosa pumzi hata umekaa, shuka. Mlima utakuwepo mwakani.

Na kabla hujatoa fedha, kaa na mwenye kampuni umwulize maswali haya bila kuona aibu. Wapagazi wangu watalala wapi, na hema lao ni la kwao au ni la kulia? Watakula mara ngapi kwa siku? Nani anahakikisha wana nguo za mvua? Mmoja akiugua, nani anamteremsha, na siku zake zinalipwa? Anayejua kazi atakujibu papo hapo. Anayezunguka na kubadilisha habari amekujibu pia. Chukua fedha yako uende kwingine. Ukishafika njiani, wasalimie, wajue kwa majina. Mwisho wa safari, kama una koti au glavu usizozihitaji, waachie, lakini usidhani zawadi hiyo imefuta deni. Nguo zinatakiwa kabla ya kupanda, siyo baada ya kushuka.

Msikilizaji, tunajivunia mlima huu mbele ya dunia. Tunauweka kwenye fedha, kwenye mihuri, kwenye matangazo. Kila picha ya mtu aliyesimama Uhuru akiwa ameinua mikono ina watu watano au sita walioifanya iwezekane, na wengi wao hawamo kwenye picha. Mangi wa Machame alituma watu bila kujua kinachowangoja. Hakuwa na namna ya kujua. Sisi tunajua. Tunajua nyuzi, tunajua dalili, tunajua nguo zinazotakiwa na zinapouzwa. Mtu akiganda mlimani leo, hatuwezi kusema ni baridi iliyomuua, tukaishia hapo. Tutalazimika kuuliza alikuwa amevaa nini, na nani alimruhusu apite langoni hivyo.

Nawatakia maandalizi mema wote mnaopanda Desemba. Mvae, na mhakikishe aliyewabebea amevaa.